Kanga kwenye waya wa singa: taharuki ya filamu moja ya Tanga ilivyojengwa kwa macho

Filamu yenyewe ni fupi, haifiki robo saa. Fundi wa kike anatumwa peke yake kwenye kiwanda cha mkonge kisicho na mtu hata mmoja, miaka mingi mbele yetu, akachunguze kwa nini mitambo inajiwasha. Waliopiga ni kikundi cha vijana wa Tanga mjini, ndani ya banda la korona lililoachwa, upande wa barabara ya kwenda Muheza. (Kwa wasio wa mkoani: korona ni mashine ya kuchambua majani ya mkonge, na wazee waliiita hivyo miaka mingi kabla ya ule ugonjwa.) Filamu ina matoleo mawili. Hadithi ni ileile, mwigizaji yuleyule, banda lilelile. Toleo la kwanza lilichekwa. La pili liliwafanya watu wazima waanze kuzungumza na skrini. Kilichobadilika katikati ni vitu vya kuonekana tu: mwanga, rangi, vifaa vya seti, na mahali kamera ilipowekwa. Si mara nyingi unapata hadithi moja iliyopigwa hivi mara mbili, kwa hiyo nitaichambua polepole.

Toleo la kwanza lilionyeshwa kwenye kibanda umiza kimoja Ngamiani, kabla ya mechi. Hilo la mechi lina uzito wake. Watazamaji hawakuja kwa ajili ya sanaa, walikuja kuwahi benchi, na hawakuwa na sababu yoyote ya kumvumilia mtu.

Picha zilianza usiku. Banda zima limemwagiwa mwanga wa bluu, moshi wa mashine unatambaa sakafuni, kamera inayumba begani kwa mpiga picha. Fundi anatembea na tochi. Kuna skrini za kompyuta ukutani zinazopitisha maneno ya Kiingereza kwa kasi. Dakika ya tatu kitu kinachomoka nyuma ya mashine: roboti, kichwa cheusi kinachong'aa, macho mawili mekundu ya taa za LED. Kukawa kimya kidogo. Halafu kijana mmoja benchi la nyuma akasema, bila hata kupaza sauti, "Helmeti ya boda hiyo." Kibanda kikavunjika mbavu. Tangu hapo kila roboti alipotokea kulikuwa na mtu wa kumuuliza, "Mpaka Chumbageni shi' ngapi?"

Mwongozaji, dada mmoja mchapakazi sana, aliondoka na jibu moja kichwani: helmeti. Akawa tayari kutafuta fedha akatengenezewe kinyago Dar. Sikukubaliana naye. Mimi nilikaa ubavuni nikitazama nyuso za watu badala ya skrini, na simu zilikuwa zimeshawashwa kabla helmeti haijatoka. Mtu mwenye wasiwasi hafungui simu. Helmeti iliwapa watu ruhusa ya kucheka tu. Kuchoka walikuwa wameshachoka.

Kwa nini walichoka? Chukua filamu ya jini kwanza. Mtazamaji wa Tanga anaingia kwenye filamu ya jini na kanuni zote ziko kichwani. Ukiitwa jina usiku usiitike. Mwanamke mzuri usiyemjua njiani, mtazame miguu. Mbuyu fulani usipite chini yake baada ya magharibi. Mwongozaji akimsimamisha mwanamke barabarani usiku, baibui limefunika hadi chini, hana haja ya muziki. Kila mtu kwenye benchi anataka kuona miguu. Taharuki hiyo bibi zetu walishailipia zamani. Filamu ya kubuni ya kisayansi haina bibi. Hakuna anayejua mashine ya miaka hamsini ijayo inataka nini, inaona nini, inaanzia wapi na inakomea wapi. Asiyejua kanuni ya hatari hawezi kuiogopa mapema. Ataweza kushtuka, basi, na mshtuko unakwisha palepale.

Kwa hiyo katika aina hii ya filamu picha ina kazi mbili, na ya kwanza ni kufundisha. Mtazamaji afundishwe kanuni ya ulimwengu huo haraka na afundishwe kwa macho, maana mhusika akisimama kueleza kwa mdomo, benchi la nyuma limeshakwenda. Wanuri Kahiu wa Kenya alilifanya hilo vizuri sana kwenye filamu yake fupi *Pumzi* ya mwaka 2009: hakuna anayekuhutubia kwamba dunia imekauka, unaona tu jasho la mtu likikusanywa na kurudishwa kuwa maji ya kunywa. Umeshaelewa thamani ya tone moja, na kuanzia hapo kila chupa inayoonekana kwenye fremu ina uzito.

Toleo la kwanza la vijana wetu halikufundisha kitu. Bluu iliyotanda kila mahali ilificha banda lenyewe. Hujui mlango uko wapi, mashine ina urefu gani, fundi yuko karibu au mbali na hatari. Giza likiwa sawasawa pande zote hakuna pa kuogopa hasa. Jicho linaranda, linachoka, linarudi kwenye simu.

Mzee wa mstari mwekundu

Kilichoigeuza filamu hakikutoka kwenye kitabu wala kwangu. Siku walipokwenda kukusanya nyaya zao walimkuta mzee aliyewahi kuendesha korona ileile, sasa analinda eneo.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, wanangu. Mmemaliza mambo yenu ya usiku?"

Dada akamweleza, na helmeti hakuificha. Mzee akacheka, kisha akawapitisha banda zima, anaonyesha kwa mkono na mashine yenyewe imekufa. Jani linaingilia hapa, majani yote yamelazwa upande mmoja. Mnyororo unalibana. Ngoma ya kwanza inakwangua nusu hii, ya pili inakwangua ile nusu iliyokuwa imebanwa. Nyama ya jani na maji vinaanguka mtaroni. Singa, yaani nyuzi za mkonge, inatokea kule, nyeupe, inaoshwa, inakwenda kuanikwa kwenye nyaya nje. Katika kilo 100 za majani unapata singa kama kilo 4. Kilichobaki chote ni taka.

"Na hapa," akakanyaga sakafu, "palikuwa na mstari mwekundu. Ikishawashwa, mtu havuki. Mwenye msuli havuki. Mwenye kanga kiunoni ndiyo kabisa. Ngoma ikizunguka ina upepo wake, mwanangu. Inavuta nguo kabla hujaigusa."

"Inavuta, mzee?"

"Inaita."

Roboti alifia hapo. Dada aliona, na nadhani aliona sawasawa, kwamba alikuwa na kitu cha kutisha chenye urefu wa banda zima, na alikuwa amekificha kwa moshi ili aonyeshe helmeti.

Toleo la pili

Walianza na mchana. Shoti ya kwanza ni shamba: mistari ya mkonge iliyonyooka hadi macho yanapokoma. Ni chaguo zuri kuliko linavyoonekana. Mkonge si mmea wa kwetu. Mtaalamu wa kilimo Mjerumani, Richard Hindorf, aliuagiza kutoka Florida mwaka 1893, na miche iliyofika hai ilikuwa 62 tu. Mmea mgeni, wenye miiba nchani, umepangwa mistari hadi upeo wa macho: ukiupiga picha kutoka chini, usawa wa udongo, huna haja ya kutafuta sayari nyingine.

Kisha banda. Kamera imesimama, imenyooka, lenzi pana, na hapo inakaa muda mrefu kuliko mhariri alivyotaka. Kushoto mdomo wa mashine, katikati ngoma, kulia upenyo wa kutokea na nyaya za kuanikia. Mlango ni mmoja, uko nyuma kabisa, na ili kuufikia lazima uvuke mstari mwekundu sakafuni. Hakuna kinachotokea. Mtazamaji anajifunza ramani bila kujua anafundishwa, na baadaye fundi atakapokuwa kwenye klozapu, uso tu, kila mtu kibandani atajua mlango uko nyuma yake upande gani.

Maneno ya Kiingereza kwenye skrini yameondolewa. Badala yake kuna alama zilizopakwa ukutani na kwenye mashine: mkono uliokatwa na mstari, jani, duara la jua. Nilifurahi, kwa sababu ni njia iliyokwisha kupimwa. Kwenye *Alien* ya mwaka 1979, mchoraji Ron Cobb alibuni mfumo mzima wa alama ndogo za rangi kwa ajili ya milango na kuta za chombo cha anga cha Nostromo, na unaamini kwamba watu wamefanya kazi mle miaka na miaka bila kuambiwa. Kuta za chombo hicho zenyewe zilijazwa vyuma chakavu vya ndege, na vyumba viliunganishwa vikiwa na dari, kiasi kwamba waigizaji walizunguka ndani kweli. Vijana wa Tanga chakavu walikuwa nacho tele na hakikuwagharimu kitu.

Jua ndilo jambo lenyewe la filamu hii. Katika hadithi kiwanda kinaendeshwa kwa umeme wa sola, kwa hiyo mashine hulala kivulini na kuamka jua likipanda. Kanuni hiyo haitamkwi popote. Bati la banda lina tundu, na chini yake kuna duara la mwanga sakafuni. Mara ya kwanza tunaliona duara likiwa mbali na mstari, mashine kimya. Mara ya pili linagusa mstari, na mkanda unaanza kwenda na majani juu yake. Imetosha. Watoto wa pwani tumekua tukikatazwa kuzurura jua la utosi, kwa hiyo hofu ya saa hiyo ilikuwamo ndani yetu tayari, imelala.

Hapa nataka kukaa kidogo, maana ubunifu mkubwa wa filamu umo kwenye kitu ambacho fundi seremala angeweza kukikokotoa. Bati liko kama mita 6 juu ya sakafu. Jua husogea nyuzi 15 kwa saa. Likiwa karibu na utosi, duara litasafiri sakafuni sentimita 2.6 hivi kwa dakika, kuelekea mashariki. Ukilikazia macho huoni likisogea. Ukiangalia pengine kisha ukarudi, limesogea. Sidhani kuna mwendo unaofaa taharuki kuliko huo, na hakuna programu iliyouchora. Mpiga picha aliweka duara kona ya fremu kila mara fundi alipokuwa akifanya jambo jingine: anafungua kifuniko, anatafuta spana, anakunywa maji. Kila shoti mpya duara liko karibu zaidi na mstari, naye haliangalii. Kibanda ndicho kilichokuwa kinaliangalia.

Walipiga mwanzoni mwa Machi, na haikuwa bahati. Tanga iko nyuzi 5 kusini mwa ikweta. Siku hizo jua hupita karibu kabisa juu ya utosi, mnamo saa 6:35 mchana. Vivuli vinaingia chini ya miguu. Fundi anasimama katikati ya banda na hana kivuli, na huelewi kwa nini picha ile haikutulizi.

Wanaodhani taharuki lazima iwe gizani waitazame tena *2001: A Space Odyssey* ya mwaka 1968. Ndani ya kile chombo karibu kila kitu ni cheupe, kimewaka taa. Wanaanga wawili wanajifungia kwenye chombo kidogo ili kompyuta isiwasikie. Picha inahama kutoka mdomo wa mmoja hadi mdomo wa mwingine, hakuna sauti, na unaelewa kuwa inawasoma midomo kupitia dirishani. HAL, ndiyo kompyuta hiyo, ana jicho moja jekundu lisilozunguka. Huwezi kujua linatazama nini, kwa hiyo linatazama kila kitu. Kiumbe kilichobuniwa na msanii H.R. Giger kwenye *Alien* kimeenda mbali zaidi, kichwa kirefu hakionyeshi macho kabisa, na mwili wake ulivaliwa na Bolaji Badejo, mwanafunzi wa sanaa kutoka Nigeria, mwembamba na mrefu kupita mita 2, kiasi kwamba mtazamaji haoni kwa urahisi umbo la mtu aliye ndani. Rudi sasa kwenye helmeti: macho mawili mekundu, yanageuka upande anaoangalia, juu ya mabega ya kijana tunayemjua. Ilitueleza kila kitu.

Singa na kanga

Alama ya pili ni singa. Tunaona jani likiingia kijani na kutoka nyuzi nyeupe kwenye waya. Ni kazi ya kiwanda, hakuna ubaya. Baadaye kidogo kuna nyuzi za kijivu kwenye waya wa pili: fundi anazigusa, ananusa vidole, anatazama mezani alipoweka kitambaa chake cha kufutia grisi. Hakipo. Hasemi kitu, na mwigizaji alifanya vizuri kutokunja hata uso.

Alikuwa ametundika kanga yake msumarini mlangoni alipoingia, nyekundu na nyeusi, tuliiona vizuri. Kamera inarudi kwenye nyaya kwa mara ya tatu, taratibu kutoka kushoto. Nyuzi nyeupe. Nyeupe. Nyeupe. Nyekundu. Kipande cha pindo bado kimeshikana mwishoni, kiasi cha kuitambua. Mama mmoja aliyekuwa anauza maji mlangoni mwa kibanda, ambaye sikuwa na habari kwamba anatazama, akasema, "Ndiyo ile! Ile ya msumarini!" Jani, kitambaa, kanga. Kinachofuata kila mtu alishakijua, na hakuna tone la damu lililotumika.

Nyuzi zina kazi nyingine pia, na hii ndiyo niipendayo kuliko zote. Mzee alisema ngoma ina upepo wake. Basi kabla mashine haijaonekana ikizunguka, singa kwenye waya inaanza kutetema ncha tu. Mtazamaji akishaona mara moja kwamba kutetema ni dalili, mwongozaji hahitaji tena kuonyesha mashine. Ni njia ileile ya maji yanayotikisika kwenye glasi katika *Jurassic Park* ya 1993, ambayo kwa kweli yalitikiswa na waya wa gitaa uliofungwa chini na kupigwa kwa kidole. Tanga walitumia feni ya mezani na jenereta.

Ukubwa wa mashine nao ulidanganywa. Kwenye shoti moja ya mbali anayepita mbele ya korona si mwigizaji, ni mtoto wa jirani amevalishwa ovaroli kama ya fundi, na mashine ikaonekana imeongezeka karibu maradufu. Ridley Scott, mwongozaji wa *Alien*, alifanya hivyo na wanawe, ndani ya mavazi madogo ya anga. Kwetu hila ilivuja kidogo: mtoto alivaa kandambili, na benchi la nyuma halikosi kitu.

Toleo hili lilionyeshwa kibanda kilekile, tena kabla ya mechi. Fundi alipovuka mstari kwenda kuzima swichi, mgongo kwa duara, kijana aliyeiua helmeti alikuwa wa kwanza kusema, "Mstari, dada, mstari!" Wengine wakadakia: "Rudi! We, rudi!" Mwenye kibanda alipoanza kutafuta chaneli ya mpira alizomewa.

Si yote yalifaulu. Shoti ya droni juu ya shamba, katikati ya hatari, inamtoa mtazamaji ndani ya banda pasipo sababu. Nadhani droni iliazimwa na ikabidi itumike. Muziki unatangulia picha mara mbili, unatangaza hofu kabla singa haijatetema, na hapo picha inanyang'anywa kazi yake. Rangi ya manjano iliyoongezwa wakati wa kuhariri imepitiliza: ilipaswa kuwa jua, imekuwa homa.

Ugomvi mkubwa uko kwenye mwisho. Sasa hivi fundi yuko ng'ambo ya mstari, duara limegusa, singa inatetema, tunakata kwenye ngoma ikizunguka, kisha giza. Mhariri anataka tuione ovaroli ikivutwa. Mwongozaji anataka ngoma ibaki. Mimi ningeondoa hata ngoma: ilizungushwa kwa mkono, inasitasita, na baada ya dakika kumi za kuiwaza tu, kuiona kunaipunguza. Ningebaki kwenye waya, nyuzi nyeupe zinatetema, na waya wa nne ambao hadi hapo ulikuwa mtupu ubaki mtupu.

Wamekubaliana kupiga njia zote tatu na kuamua mezani. Itabidi wangoje mwanzoni mwa Oktoba, jua litakapopita tena juu ya banda. Miezi hii duara linaangukia pembeni, karibu na mtaro, wala haligusi mstari.